Vibao Vinne vya Barafu

Kila siku masomo yalipokwisha, Naomie hakwenda nyumbani moja kwa moja. Alikata kona kwenye kibanda cha muuza chumvi, akashuka na barabara ya vumbi jekundu ya Mikelenge, mtaa wa mji wa Kindu, mpaka kituo cha afya, ambako mama yake, Mama Germaine, alikuwa muuguzi wa chanjo. Hapo alifagia ukumbi, akachota maji ya kunawia, kisha akakaa kumngoja mama warudi pamoja. Alikuwa na miaka kumi na miwili, mwanafunzi wa darasa la saba, na mdomo wake haukujua siku ya mapumziko.

Wiki hiyo mdomo huo ulikuwa na habari moja tu: barafu. Mwalimu Hamadi wa sayansi alikuwa ameanza kuwafundisha habari za ncha mbili za dunia, Kaskazini na Kusini, ambako bahari huganda mpaka mtu akatembea juu yake. Darasa zima lilicheka. Joto la Kindu halina likizo, na barafu waliyoijua watoto wengi wa pale ni ile ya vifuko, inayouzwa sokoni karibu na samaki.

"Mwalimu, sisi huku jua iko natupika," alisema Franck, mtani wa darasa. "Hiyo barafu ya mbali itatusaidia nini?"

"Njoo mbele, wewe unayejua kila kitu," alijibu Mwalimu Hamadi.

Juu ya meza palikuwa na beseni la maji na vipande vya barafu. Mwalimu alimvika Franck mfuko mtupu wa plastiki katika mkono wa kushoto. Mkono wa kulia alimvika mifuko miwili, mmoja ndani ya mwingine, na katikati yake akajaza mafuta mazito ya mawese. Kisha akamwambia aitumbukize mikono yote miwili. Darasa likahesabu kwa sauti. Walipofika ishirini na tatu Franck aliuchomoa mkono wa kushoto akipiga kelele. Ule wa mawese ulibaki majini mpaka Mwalimu mwenyewe akachoka kuhesabu.

"Njo vile wanyama wa bahari ya kule wanavyoishi," alisema Mwalimu. "Wamevaa mafuta yao chini ya ngozi. Sayansi haina nchi yake, Franck. Hata mawese ya bibi yako yanaijua."

Jumanne aliwapa habari nyingine. Aliwaeleza juu ya mnyama mkubwa mwenye manyoya, wa ukoo wa tembo, aliyekufa maelfu ya miaka iliyopita huko Kaskazini. Watu walimchimbua katika udongo ulioganda, wakamkuta na ngozi yake na nywele zake. "Baridi ni mlinzi," alisema Mwalimu Hamadi, akaandika ubaoni: *Kinachoganda hakiozi.* Kengele ikalia kabla hajaongeza neno, na Naomie akatoka mbio akiwa na sentensi hiyo kichwani.

Mchana wa siku hiyohiyo Mama Germaine alikuwa akitayarisha sanduku la chanjo. Kesho yake alfajiri angevuka mto kwa mtumbwi kwenda Alunguli, ng'ambo ya pili, kuwachanja watoto wachanga wasipatwe na kifaduro, dondakoo na pepopunda. Sanduku lenyewe lilikuwa dogo, la plastiki nene. Baridi yake ilitoka kwenye vibao vinne vya plastiki vilivyojaa maji, ambavyo hugandishwa katika frigo la sola mpaka viwe vigumu kama mawe.

Mama alikuwa na desturi moja ambayo Naomie hakuipenda, kwa sababu ilichelewesha chakula. Hakutia vibao sandukuni vikiwa bado vigumu. Alivitandaza mezani, akavingoja vitoe jasho, kisha akavitikisa kimoja kimoja karibu na sikio. Maji yakicheza ndani, kibao kiliingia sandukuni. Yasipocheza, kilirudi mezani. Hata mvua ikijikusanya, hata Bwana Roger, mkuu wa kituo, akimwita mara mbili, Mama Germaine alingoja.

Siku hiyo vibao havijakaa mezani dakika kumi, mwanamke mmoja akaletwa kwa pikipiki, uchungu wa kuzaa umemkaza. Mkunga alikuwa peke yake.

"Naomie, keti hapa," mama alisema akifunga aproni. "Usiguse kitu. Maji ikianza kucheza ndani ya vibao, uniite. Umesikia?"

"Nimesikia, mama."

Alikaa. Vibao vilitoka jasho, matone yakatiririka juu ya meza na kuanguka sakafuni. Naomie aliyatazama kwa huzuni. Ilikuwa baridi inayomwagika bure! Mama alisomea uuguzi siku nyingi zilizopita. Labda zamani hizo habari ya udongo ulioganda ilikuwa haijafika Kindu. Naomie aliwaza jinsi mama atakavyoshangaa, jinsi atakavyowaambia wenzake kwamba mtoto wake ana akili. Akasimama. Alirudisha vile vibao vinne katika frigo, akatoa vingine vinne, vyeupe, vikavu, vilivyonata kwenye vidole. Alivipanga pande nne za sanduku, akaweka chupa ndogo za chanjo katikati, akafunga kifuniko.

Mama alirudi saa nzima baadaye, macho yamemwiva kwa uchovu.

"Msichana. Muzima kabisa," alisema akinawa mikono. "Na vibao? Maji ilicheza?"

Naomie alikuwa na maelezo yote tayari, toka mnyama wa manyoya hadi maneno ya ubaoni. Lakini alimwona mama anavyotetemeka kwa njaa, akakumbuka lile neno *usiguse*, na woga ukamshika. Uongo ulikuwa mfupi kuliko maelezo.

"Ilicheza, mama. Nimepanga yote."

"Mutoto wangu amekuwa muuguzi," mama akasema, akacheka. Hakufungua sanduku, maana likifunguliwa ovyo linapoteza baridi. Alimwamini mtoto wake, akalibeba.

Jumatano asubuhi Mwalimu Hamadi alileta ndoo yenye barafu iliyopondwa na kuchanganywa na chumvi ya mawe. Alieleza kwamba chumvi huifanya barafu iwe kali zaidi, ndiyo maana bahari haigandi upesi kama maji ya mvua. Kisha akatoa katika ndoo nyanya aliyoizika humo mapema. Akaigonga juu ya meza: ko, ko, ko. Darasa likashangilia. Akaiweka dirishani penye jua, kando ya nyanya nyingine ambayo haikuguswa na baridi.

"Jana nimewaonyesha baridi kama mlinzi," alisema. "Leo tutaona upande wake wa pili. Ngojeni."

Kufika saa nne nyanya ile ilikuwa imeyeyuka. Kwa macho zilikuwa mbili sawasawa, nyekundu, zinang'aa. Mwalimu alizibonyeza. Moja ilimsukuma kidole. Ya pili ikaporomoka, ikatoa maji na kubaki ngozi.

"Maji yakiganda hutanuka," alisema Mwalimu. "Yakitanuka yanapasua kuta ndogondogo za ndani. Ukija baadaye ukaiangalia, utasema ni nyanya. Si nyanya tena. Na yule mnyama wetu pia, nywele zilibaki, uhai haukurudi."

Naomie aliinua mkono.

"Mwalimu, na dawa? Dawa ya sindano?"

"Nyingine joto njo linaiharibu. Nyingine baridi kali. Mama yako anajua kunipita mimi, umuulize."

Toka shuleni mpaka gatini, ukikimbia, ni dakika ishirini. Naomie alizihesabu kichwani. Mtumbwi ungemvusha kwa nusu saa. Angeweza kuomba ruhusa. Angeweza kusema ni mgonjwa. Hakusema. Aliinamisha kichwa akanakili maneno ya ubaoni kwa mwandiko mzuri, mstari baada ya mstari, huku ng'ambo ya mto mama yake akichoma sindano.

Jioni mama alirudi akiimba.

"Watoto makumi ine na moja! Hata Mardochée wa mama yako mudogo Claire. Amenikojolea nguo yote."

Claire alikuwa mdogo wake Mama Germaine. Aliishi ng'ambo, na Mardochée, mwenye miezi mitatu, alikuwa mtoto wake wa kwanza.

"Na vibao, mama?" Naomie aliuliza kwa sauti ndogo.

"Vizuri. Nilipofungua, maji ilikuwa inacheza ndani ya yote."

Basi usiku mmoja ulitosha kuviyeyusha. Alichosema Naomie Jumanne kilikuwa kimekuja kuwa kweli Jumatano, wakati haikumsaidia mtu tena. Alisukuma kando sahani ya samaki. Alijiambia kwamba labda chupa hazikuganda. Labda dawa si nyanya. Mtu anayeogopa hakosi labda.

Alhamisi, wasafiri waliotoka Kalima walileta habari kwamba kifaduro kimeingia katika makambi ya wachimba madini, na Kampene pia. Watoto wadogo walikuwa wanakohoa mpaka wanakosa pumzi, wanageuka rangi. Kituoni akina mama walianza kupanga mstari wakiwa na kadi za chanjo mkononi, waulize kama watoto wao wamelindwa. Bwana Roger alitazama muhuri wa kila kadi na kuwaambia waende kwa amani. Naomie alifagia ukumbi uleule mara tatu. Kila muhuri aliouona ulimchoma.

Ijumaa Claire alikuja kuaga. Alimpakata Mardochée, mtoto mnene mwenye kucheka na kila mtu, hata na mbuzi.

"Yaya Germaine, kesho naenda Kampene," alimwambia dada yake. "Baba yake amepata nyumba karibu na machimbo. Anataka kumuona mutoto."

"Na ile kikohozi?"

"Wewe mwenyewe si umemuchoma? Ningeogopa kama hana sindano. Sasa naogopa nini?"

Alimpa Naomie mtoto ambebe. Mardochée alimshika pua. Naomie alikuwa na neno moja tu la kusema, na lilimjaa kinywani kama uji wa moto: *usiende*. Alimtazama mama, akamtazama Claire, akamrudisha mtoto. Asubuhi ya Jumamosi pikipiki iliwachukua Claire na Mardochée, na mabegi yamefungwa nyuma kwa mpira.

Saa sita mchana Mama Germaine alikuwa uani akitwanga sombe, majani ya muhogo. Naomie alimwendea akaanguka magotini kando ya kinu.

"Mama, nilikudanganya. Maji haikucheza."

Mchi ulibaki juu. Naomie alisema yote, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake hakupamba hata neno. Mama hakumpiga. Aliuliza maswali kwa sauti ya kazini, na hiyo ilikuwa mbaya kuliko fimbo.

"Vilikuwa vyeupe? Vilinata kwa vidole?"

"Ndiyo, mama."

"Toka Jumanne ulijua?"

"Toka Jumatano, saa ine. Mwalimu alituonyesha nyanya."

Mama aliketi vumbini na kitenge chake kisafi. "Ile alama ya chupa, yenye kugeuka rangi, inaona joto tu," alisema, kama anayejisemea. "Baridi haiioni. Niliangalia alama, ilikuwa nzuri. Hakuna muntu angejua. Hakuna hata mumoja." Kisha machozi yakamtoka. "Na Mardochée amekwisha kwenda."

Alisimama, akaingia ndani, akarudi na kopo la zamani la maziwa ya unga. Ndani yake mlikuwa na kadi ya chanjo, imekuwa ya kahawia, pembe zake zimeliwa. Naomie alisoma jina: Matata. Alijua kwamba kabla yake kulikuwa na kaka aliyekufa vitani. Siku zote alidhani ni risasi.

"Mwaka elfu mbili na mbili nilikuwa na miaka makumi mbili," mama alianza. "Kindu ilikuwa imezungukwa na watu wa bunduki. Mwenye kwenda shambani hakurudi. Treni ilikuwa imekufa, chumvi ilipatikana kwa kijiko. Tulikula majani, tukala maganda. Mimi nilikuwa nasaidia kwenye kituo cha afya, na kazi yangu ilikuwa kuchunga frigo. Ilikuwa ya petroli ya taa, na moto mudogo chini. Moto ukizimika, chanjo inakufa na joto."

Aliifuta kadi kwa kiganja.

"Matata alikuwa na miezi kumi. Maziwa yalikuwa yamenikauka. Siku moja nilichukua chupa ya petroli nikaibadilisha na bakuli ya unga. Nilisema nitapata ingine kesho. Sikupata. Moto ulizimika siku ine. Petroli ilipofika nikauwasha tena, nikanyamaza. Nani angejua? Wiki iliyofuata waliita watoto wachanjwe surua. Bibi yako alinibebea Matata kwenye mustari. Muuguzi akaniambia, 'Germaine, umushike mikono.' Ningesema nini? Kusema ni kujivua nguo mbele ya watu wote. Nikamushika mikono. Wakamuchoma maji ya bure, wakapiga muhuri."

Naomie alilia kwa sauti.

"Surua ilipita kwenye avenyu yetu kama moto wa majani. Tulizika watoto tisa. Wa tano alikuwa huyu." Mama alirudisha kadi katika kopo. "Miaka sita sikumwambia muntu. Halafu nikamwambia daktari mumoja, nikangoja anifunge. Akanituma nisome uuguzi. Njo maana nasikiliza vibao. Simama, Naomie. Osha uso. Tunaenda kwa Bwana Roger sasa hivi, kabla woga haujatukuta tena."

Bwana Roger aliwasikiliza akiwa amesimama. Alikuwa mtu wa maneno machache, na siku hiyo yalipungua zaidi. Chupa saba zilizobaki sandukuni zilikuwa zimerudishwa katika frigo. Mama alichukua chupa nyingine ya aina hiyohiyo, ambayo haijatoka kituoni, akaiweka katika barafu makusudi, igande mpaka kesho.

Jumapili asubuhi waliweka chupa tatu mezani. Ya kwanza haikuwahi kuganda. Ya pili iligandishwa makusudi, ikayeyushwa. Ya tatu ilitoka katika sanduku la Naomie. Kwa macho zilikuwa sawa, kama zile nyanya dirishani. Mama alizitikisa kwa pamoja, akazisimamisha, na wote watatu wakainama kutazama. Naomie alikuwa na saa ya Bwana Roger mkononi. Aliomba Mungu, akaomba tena, akaahidi mambo mengi ambayo hakuna mtoto angeweza kuyatimiza.

Baada ya dakika kumi chupa ya pili ilianza kujitenga: juu maji maangavu, chini tope la unga. Ya kwanza bado ilikuwa nyeupe kama maziwa. Naomie alitazama ya tatu. Maji yalikuwa yanang'aa juu. Tope lilikuwa limelala chini.

"Imekufa," alisema Mama Germaine.

Bwana Roger aliketi. "Nani aliacha sanduku na mutoto?"

"Ni mimi," mama alijibu. "Mutoto alikosa, lakini sanduku ilikuwa mikononi mwangu. Uandike jina langu."

Aliliandika. Mama Germaine aliondolewa katika kazi ya chanjo kwa mwezi mzima, na Naomie alimwona akivua funguo za frigo kwenye kamba ya kiunoni, akiziweka mezani. Dawa mpya iliombwa kutoka ghala la mkoa. Lakini kwanza ilibidi watoto arobaini na mmoja watafutwe, na mama aliomba jambo moja: yeye mwenyewe aende kuwaambia wazazi wao. Bwana Roger akakubali.

Jumatatu na Jumanne walivuka mto, wakapita nyumba kwa nyumba. Kila mlangoni mama alianza, na Naomie akamaliza: "Ni mimi niliyeweka barafu mbaya, nikadanganya. Sindano ya mtoto wako haina nguvu. Tafadhali umlete Alhamisi." Wengine walifunga mlango. Wengine walitukana. Mama mmoja, Philomène, alitema mate karibu na miguu yao.

"Sindano ni sindano!" alifoka. "Mutoto wangu amelia siku mbili, na leo munaniambia ilikuwa bure?"

"Ndiyo, mama," alisema Naomie. "Ilikuwa bure."

Philomène alifuta mdomo kwa kiganja. "Kwa nini umekuja? Ningejua wapi mimi?" aliuliza, na hasira ilikuwa imepungua kidogo. Alhamisi alikuwa wa kwanza katika mstari.

Wote arobaini walichomwa tena. Wa arobaini na moja alikuwa Kampene.

Claire hakuwa na simu, na mume wake alifanya kazi mahali ambapo mtandao haufiki. Bwana Roger alikuwa ameandika barua kwa wauguzi wa kule tangu Jumapili. Siku hiyohiyo Naomie akaandika yake kwa Claire, na Arsène, mwendesha pikipiki wa mtaa wao, akazitia zote mbili katika plastiki na kuzifunga kifuani. Mvua ilikuwa imeharibu njia. Alisema siku tano kwenda na kurudi, Mungu akipenda.

Siku tano zilipita, zikawa saba, zikawa tisa. Kikohozi cha mtu yeyote, hata cha mzee mvuta tumbaku, kilimfanya Naomie ashtuke. Mdomo wake uliokuwa hauchoki sasa ulifungwa. Hata Franck aliacha kumtania. Mwalimu Hamadi alimwita kando, akasikia habari yote, akashika kichwa.

"Na mimi nina kosa langu," alisema. "Niliwapa nusu ya somo, nikaiacha kengele ilie. Nusu ya kweli mikononi mwa mtu mwenye haraka ni kitu cha hatari. Lakini Naomie, nilipojibu swali lako saa nne, uliketi. Hapo hukukosa somo. Hapo ulikosa ujasiri."

Naomie aliitikia kwa kichwa, kwa sababu ilikuwa kweli.

Siku ya kumi na moja, mchana, pikipiki ilinguruma mbele ya nyumba. Arsène alikuwa na matope toka viatuni mpaka kwenye nyusi. Mama Germaine alitoka ndani, akasimama mlangoni. Naomie ndiye aliyepokea plastiki. Arsène akamsaidia kuifungua.

Ndani mlikuwa na karatasi yenye muhuri wa kituo cha Kampene. Mardochée alikuwa amechomwa sindano mpya siku ya sita toka Arsène aondoke. Chini yake Claire alikuwa ameandika mwenyewe: *Yaya, mutoto wa jirani, ukuta kwa ukuta na sisi, alikufa na kikohozi siku mbili mbele ya barua yenu kufika. Nilikuwa namupeleka Mardochée kucheza naye kila siku, nikijua amechanjwa. Barua ilipofika nilikimbia. Wamemupa sindano na dawa ya kunywa. Alikohoa kidogo, sasa ameacha. Ananyonya vizuri. Umwambie Naomie nimemukasirikia sana. Umwambie pia aksanti.*

Mama alisoma mara tatu. Kisha aliingia ndani akatoa lile kopo, akaiweka kadi ya Matata mezani, na karatasi ya Kampene kando yake.

"Angalia mihuri hii miwili," alimwambia Naomie. "Huu ulidanganya, kwa sababu mimi nilinyamaza. Huu unasema kweli, kwa sababu wewe umesema. Lakini usijisifu, mutoto wangu. Kosa la vibao lilikuwa la nusu saa. Kunyamaza kwako kulikuwa kwa siku ine, na Mardochée alisafiri ndani ya hizo siku ine. Kila muntu anakosa, hata muuguzi, hata mwalimu. Kosa likisemwa mapema lina dawa. Likifichwa, linakua mpaka linazidi nguvu za yule aliyelificha. Ukikosa tena, na utakosa, uje mbio. Hata nikiwa nimekasirika. Uje mbio."

"Nitakuja, mama," alisema Naomie.

Mwezi ulipokwisha Bwana Roger alirudisha funguo. Jumanne iliyofuata, masomo yalipokwisha, Naomie alikata kona kwenye kibanda cha muuza chumvi, akashuka mpaka kituoni. Vibao vinne vilikuwa mezani, vinatoka jasho. Njaa ilikuwa inauma, na mawingu ya mvua yalikuwa yanajikusanya juu ya mto. Mama alikuwa anapanga kadi, mgongo wake umegeukia meza.

"Naomie, nisikilizie kile cha kwanza," alisema bila kugeuka.

Naomie alikausha mikono kwenye sketi, akakiinua kibao, akakitikisa karibu na sikio. Alisikiliza. Akakitikisa tena.

"Bado, mama," akasema, akakirudisha mezani.